Milango Saba Uani

Tuanze na funguo, maana ndizo zilizoleta balaa lote. Kwenye gesti ya Shangazi, mgeni akimaliza likizo yake harudishi ufunguo. Anautia mfukoni, anaaga, anapanda gari, anaondoka nao. Mwaka mzima unakaa kwake, sijui kabatini, sijui juu ya friji, na msimu wa likizo ukifika anakuja nao, anafungua chumba chake, anavua viatu. Hakuna kupigiana simu, hakuna amana, hakuna kuandikishana. Una ufunguo, una chumba. Kama hutaki kurudi tena, unauacha mezani siku ya kuondoka, naye Shangazi anampa mwingine. Miezi ya kawaida, akitaka kufagia au kumlaza mpita njia, anatumia funguo zake za akiba. Utaratibu huo aliuanzisha marehemu mama yake, na tangu hapo hajatokea mgeni aliyekuta mtu kitandani mwake. Watu wenye mahoteli wakisikia wanacheka. Wacheke tu, meno ni yao.

Shangazi alikuwa shangazi wa watoto wa mdogo wake tu, lakini jina lilitoka nje ya nyumba likaenea mtaa mzima, mpaka waliomzidi umri nao wakawa wanamwita Shangazi bila haya. Ni mfupi, mnene kiasi, na anaongea nawe kana kwamba uko ng'ambo ya barabara hata ukiwa umekaa naye meza moja. Vyumba vyake ni saba, vyote kwenye korido moja, bafu ziko mwishoni, jiko na ua viko nyuma. Yeye mwenyewe analala kwenye kijichumba kando ya jiko. Shuka anafua kwa mikono yake, anapiga pasi kwa mikono yake, na foronya anazipiga pasi hadi pindo la ndani ambalo hakuna mgeni atakayeliona hadi siku ya kiyama.

Huyo mdogo wake wanamwita Meneja. Aliwahi kufanya kazi kwenye hoteli kubwa ya maghorofa, akarudi na suti na jina hilo. Kule alikuwa anapokea mizigo ya wageni mlangoni, lakini jaribu kumkumbusha uone kama mtasalimiana tena. Mama yao aliwaachia nyumba wote wawili, nusu kwa nusu. Meneja fungu lake alilipokea kila mwisho wa msimu bila kukosa, ila shuka hata moja hakuwahi kuifua. Na Shangazi, mwenye sauti yote ile, mbele ya mdogo wake alikuwa mpole kama nini. Alimlea, alimbeba mgongoni. Meneja akisema hili, yeye husema, "Haya basi." Meneja akisema lile, "Haya basi, mdogo wangu." Mimi nilikuwa nasikia mpaka nauma meno.

Sasa mwaka huo, msimu ukiwa umekaribia kabisa, binti wa Meneja alijifungua mtoto wake wa kwanza. Meneja akaja mbio. "Dada, nenda. Mtoto anakulilia wewe tu. Mama yake hajui kuogesha kichanga kama wewe. Hapa nitaangalia mimi."

Angalieni nyie wenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuangalia hata birika lisichemke likamwagika, leo ataangalia gesti! Lakini Shangazi alifurahi hadi machozi yakamlenga. Alifunga kitambaa chake kichwani akaenda, akaogesha, akapika uji, akamwonyesha binti jinsi ya kunyonyesha, na siku moja kabla ya wageni kuanza kuingia akarudi nyumbani asubuhi, mkoba begani, akiimba.

Wimbo uliishia koridoni. Milango yote saba ilikuwa imefungwa, na kila mlango ulikuwa na kitasa kipya kinachong'aa. Alichukua funguo zake za akiba, akajaribu wa kwanza. Haukuingia. Wa pili, haukuingia. Akabaki ameshika funguo mkononi, mdomo wazi.

"Umeona, dada?" Meneja alitokea jikoni na kikombe cha chai, amevaa suti, na kiunoni ananing'iniza pete kubwa yenye funguo mpya. "Kisasa! Vile vya zamani vilikuwa vinatutia aibu."

"Viko wapi?"

"Nimevitia guniani, viko kwenye buti ya gari. Nitaviuza chuma chakavu."

"Na wageni wangu kesho watafunguaje?"

Meneja alikunywa chai taratibu, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Dada, kaa kitako."

"Niko sawa nimesimama."

"Nimepata kampuni. Kampuni kubwa. Wanaleta wafanyakazi wao kupumzika, wanachukua vyumba vyote, msimu mzima. Wakiridhika wanaikodi nyumba moja kwa moja, mwaka hadi mwaka. Wanakuja na mpishi wao, wafagiaji wao, kila kitu. Wewe huinui hata kijiko."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Kwangu! Kile chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Utapumzika, utatuangalizia watoto. Umechoka, dada, kila mtu anaona."

Shangazi alikijua chumba hicho. Kiko kati ya banda la kuku na tangi la maji, na dirisha lake linaangalia ukuta wa jirani.

"Lakini wageni wangu..."

"Wageni gani? Nani amekupigia simu? Nani ametoa amana? Nionyeshe jina la mtu hata mmoja."

"Wana funguo, Meneja."

Ebo! Yule bwana alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Funguo za vitasa vilivyo kwenye gunia! Dada, utaniua. Watakuja, hazitafungua, watakwenda hotelini kama watu wengine. Sikiliza. Mimi nakwenda kuwapokea watu wa kampuni, kesho alasiri tuko hapa. Funguo hizi nakwenda nazo, maana nakujua, utawaonea watu huruma. Utakuja kunishukuru."

Akasubiri. Mnajua alichokuwa anasubiri. Na Shangazi, jamani, mazoea mabaya, mdomo ulifunguka wenyewe ukasema, "Haya basi." Meneja akampigapiga begani, akaingia garini, akaondoka.

Shangazi alikwenda uani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika tama. Aliwafikiria wageni wake mmoja mmoja. Mkunga mstaafu aliyekuwa akija tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ambaye ndugu zake wote wameshamtangulia, likizo yake nzima ni chumba kile cha mwanzo. Mwalimu mjane. Wale mume na mke wenye mapacha, ambao chumba cha pili walikipata baada ya kukisubiri misimu miwili. Watafika na mizigo, watajaribu ufunguo, hautaingia. Halafu watamtazama yeye. Alijiona amekaa kwenye dirisha la kuangalia ukuta, kuku wanapiga kelele, na mtu akimuuliza wageni wake waliishia wapi hana la kusema. Hapo ndipo hasira ilipompanda. Si hasira ya kupiga kelele, alikuwa nazo hizo kila siku. Hii ilikuja polepole, ikamtoa kwenye ndoo, ikamvusha barabara hadi kwa Fundi Kimya.

Fundi Kimya ni seremala, na jina hilo alipewa kwa sababu hanyamazi hata akiwa na misumari mdomoni. Alikuja, akainama, akachungulia kitasa cha kwanza, akapiga mluzi.

"Shangazi, hivi si vya kuchezea. Nikivunja kitasa napasua mlango, nikipasua mlango nusu ni ya Meneja, kesho ananipeleka polisi, mke wangu ananiuliza nilikuwa naingilia nini ugomvi wa ndugu, na mimi mke wangu unamjua..."

"Sijasema uvunje."

"Sasa unataka nini? Nipulize?"

Shangazi alikuwa anatazama upande wa pili wa mlango, upande ambao watu hawautazami. Milango ya gesti ile inafungukia nje, koridoni. Watu waliicheka nyumba hiyo tangu ilipojengwa, maana ukitoka chumbani bila kuangalia unaweza kumng'oa mtu meno. Ni mama yake aliyetaka hivyo. Vyumba ni vidogo, naye alitaka vitanda vikubwa, na mlango ukifungukia ndani ungegonga kitanda. Akamwambia mjenzi, geuza. Mjenzi akabisha, mama akasema, geuza au nenda. Kwa hiyo bawaba zote ziko koridoni, hadharani, na pini zake zimetokeza vichwa.

Meneja alikulia kwenye nyumba ile, na mlango wa tatu ulimtoa jino la mbele akiwa mtoto. Lakini kichwa kikishajaa mahoteli ya watu, cha kwenu kinakutoka.

"Fundi," Shangazi alisema, "hizo pini zinatoka?"

Fundi Kimya alitazama bawaba, akamtazama Shangazi, akatazama bawaba tena. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikosa neno. Kisha akaanza kucheka. "Makubwa haya! Zinatoka, Shangazi. Zinatoka kwa nyundo na msumari."

"Toa."

"Yote?"

"Nimesema nini mimi? Yote!"

Walianza kazi. Fundi anagonga pini kutoka chini, inaruka juu, Shangazi anaidaka na kuitia kwenye kopo. Pini zikishatoka wanauvuta mlango upande wa bawaba, kitasa kipya kinachomoka kwenye fremu bila hata mkwaruzo, wanaubeba hadi uani. Shangazi alishika upande wake kama mwanamume wa bandarini. Mtaa mzima ulikuja kuchungulia uzioni. "Shangazi, unahama?" mmoja akauliza. "Nahamia!" akajibu. Hadi jioni milango saba ilikuwa imeegemezwa ukutani uani, na vyumba vyote saba vilikuwa wazi, upepo unapita unavyotaka. Fundi akafunga waya juu ya kila fremu, na Shangazi akatoa mapazia mazito aliyokuwa akiyatunza, akayatundika, akayapiga pasi yakiwa yananing'inia. Akatandika vitanda. Hakutaka kujiuliza kesho itakuwaje. Alijua akijiuliza atasema haya basi.

Kulipokucha aliweka kiti mwanzo wa korido akakaa. Wa kwanza kufika alikuwa Mkunga, na kisanduku chake, ufunguo tayari mkononi. Akasimama mbele ya chumba chake akatazama pazia.

"Shangazi. Mlango wangu uko wapi?"

Shangazi alikuwa ametunga maneno ya kueleza, ya kupamba, ya kutomwaibisha mdogo wake. Yote yalimkimbia. "Ndugu yangu kabadilisha vitasa nikiwa sipo. Anataka kuwapa vyumba watu wengine, halafu aniweke mimi kwenye chumba cha nyuma kama fagio bovu. Nimeng'oa milango. Mlango sina, Mkunga, lakini chumba chako ninacho, na shuka safi ninazo. Mlango wenu mwaka huu ni mimi. Nitakaa kwenye kiti hiki, na atakayepita apite mbele yangu. Kama hutaki, sitakulaumu."

Mkunga alifikiri kidogo. "Mimi nimezalisha wanawake kwenye lori, kwenye ofisi ya kodi, na mmoja kwenye foleni ya benki," alisema. "Leo nishindwe kulala nyuma ya pazia?" Akaingia, akavua viatu.

Wale wa mapacha walikuja, watoto wakayapenda mapazia kupita kiasi, wakawa wanatokea chumba hiki na kuingia kile hadi mama yao akawafokea. Mwalimu alikuja, akauliza swali moja tu, kama atapata chai. Wengine walinung'unika, wakakaa. Lakini si wote, na siwezi kukudanganya. Bibi wa Vitambaa, mfanyabiashara, mgeni wa miaka mingi, alisimama na mabegi yake akatikisa kichwa.

"Shangazi, nakupenda. Lakini nina mzigo wa thamani na nina usingizi mwepesi. Bila mlango siwezi."

"Mzigo nitakuwekea kwangu."

"Siwezi, mama yangu. Nisamehe." Akauweka ufunguo wake juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika. Shangazi akamsindikiza hadi barabarani, akamsaidia begi moja, wakakumbatiana. Aliporudi alijifungia jikoni, akalia kidogo, akapenga kamasi, akatoka. Chumba cha mwisho kikabaki kitupu, na kila akipita hapo moyo unamchoma.

Alasiri wageni walijilaza. Ndipo ilipoonekana faida ya milango, maana Mwalimu alikuwa anakoroma. Kumbe miaka yote mlango ulikuwa unaficha mengi! Alivuta pumzi, mapazia ya vyumba vya jirani yakafuata. Mapacha wakakaa sakafuni kumsikiliza kama wako kwenye sinema.

Shangazi alikuwa ametoka uani na godoro kichwani, alilokuwa amelianika, alipomkuta mtu asiyemjua amesimama koridoni. Kijana mtanashati, shati jeupe, simu mkononi. Nje basi dogo limeegeshwa, watu wameanza kunyoosha miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sisi ndio watu wa kampuni. Meneja anaegesha gari." Akasikiliza kidogo. "Mnatumia jenereta?"

"Hapana. Ni mwalimu wa hesabu."

Kijana hakuelewa, akaendelea. "Wewe ndiye mfanyakazi wa hapa?"

"Ndiye."

"Pole na kazi. Na yule bibi mwenyewe hali yake vipi?"

"Bibi yupi?"

"Dada yake Meneja. Alituambia hajiwezi, yuko kitandani, miguu haimbebi, na akili nayo imeanza kumtoka. Ndiyo maana nyumba imeachwa mikononi mwa Meneja. Tumemletea matunda."

Shangazi alisimama pale na godoro lake kichwani. Jamani, kuna maneno yanamwingia mtu taratibu, hadi yafike chini anakuwa ameshabadilika. Alijikumbuka akiogesha kitoto cha binti wa huyo huyo Meneja, akiimba, huku mtu anamzika akiwa hai. Hakulitua godoro. Shingo ilikaza tu.

Hapo Meneja akaingia, pete ya funguo inalia kiunoni. "Karibuni, karibuni, vyumba vya kisasa..." Akasita. Macho yakamtoka. "Milango iko wapi?"

"Iko uani inaota jua."

Meneja alivuta pazia la kwanza, akakutana uso kwa uso na Mkunga aliyekuwa amevaa gauni la kulalia. "Funga pazia, baba, mimi si mama yako," Mkunga akamwambia. Akavuta la pili, mapacha wakamtolea ulimi. Chumba cha tatu hakuvuta, mkoromo ulimtosha.

"Dada! Umerukwa na akili?"

"Si ndivyo ulivyowaambia?" Sasa ile sauti ya ng'ambo ya barabara ilitoka, na Mwalimu akaacha kukoroma. "Niko kitandani, Meneja? Mimi? Miguu yangu hainibebi? Miguu iliyokubeba wewe hadi ukajua kutembea? Ungesema nimekufa basi, wakaleta shada badala ya matunda!"

"Dada, tusiongee mbele ya watu."

"Watu gani? Hawa ni wageni wangu. Wewe ndiye unayeongea mbele yao kwa mara ya kwanza, miaka yote hukuwahi hata kuwasalimia!"

Kijana wa kampuni alikuwa anatazama godoro kichwani kwa Shangazi, kisha Meneja, kisha godoro tena. "Samahani," alisema. "Huyu ndiye mgonjwa?"

Nyuma ya mapazia mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Mama, tuelewane," kijana akasema kwa adabu. "Nyumba ni yako?"

"Nusu yangu, nusu yake."

"Na unakubali tuichukue?"

"Anakubali," Meneja alidakia haraka. Akamsogelea dada yake, akashusha sauti, ile sauti ya kumpaka mafuta ambayo ilikuwa haijawahi kumwangusha. "Dada yangu huwa hanikatalii. Wewe unanijua mimi, dada. Watu wamesafiri. Usinitie aibu. Sema haya basi, mambo yaishe."

Mapazia yote yalikuwa yamefunguka kidogo, na kwenye kila ufa kuna jicho. Shangazi alimtazama mdogo wake, pengo la jino lile la mbele, na nakwambia alimwonea huruma. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Angemchukia ingekuwa rahisi. Alijua akisema maneno yale mawili Meneja atacheka kwa furaha kama zamani, na yeye atakuwa anatazama ukuta wa jirani hadi kufa kwake.

"Sikubali," alisema.

"Dada..."

"Sikubali! Leo sikubali, kesho ukija na suti nyingine sikubali, na ukinikuta kweli niko kitandani siku hiyo, uliza tena, nitakwambia sikubali kwa kutikisa kichwa. Umesikia?" Na hapo ndipo alipolitupa godoro chini, puu, vumbi likaruka kwenye viatu vya Meneja.

Kijana wa kampuni akafunga simu yake. "Sisi hatuchukui nyumba yenye ugomvi," alimwambia Meneja, "na hatufanyi kazi na mtu anayemlaza kitandani dada yake mzima. Kuna hoteli tuliipita njiani. Mengine tutaongea ofisini." Akamgeukia Shangazi, akampa mfuko wa matunda kwa mikono miwili, akaondoka na basi lake. Mapacha waliyamaliza matunda hayo kabla basi halijakata kona.

Meneja alibaki koridoni na funguo zake saba kiunoni. Suti ilikuwa imemlegea. "Umenimaliza," alisema. "Mimi nilitaka upumzike tu."

"Ungetaka nipumzike ungefua shuka."

Shangazi akampita, akatoka nje hadi kwenye gari la Meneja, akafungua buti mwenyewe, akalivuta gunia la vitasa. Lilikuwa zito, vyuma vinagongana. Fundi Kimya alikimbia kumsaidia, Shangazi akamsukuma kwa kiwiko, akalitia begani peke yake. Wageni wote walikuwa wametoka barazani, Mkunga na gauni lake, Mwalimu anafikicha macho anauliza kuna nini.

"Hivyo ni vya nusu kwa nusu!" Meneja alipiga kelele. Alikuwa karibu kulia, na hilo lilimtia hasira zaidi. "Usidhani imekwisha! Nusu ya nyumba hii ni yangu, na nitaichukua! Nitakuja na wanasheria, dada! Mmoja, wawili, wowote watakaohitajika!"

Shangazi aliwaogopa wanasheria, sitaficha, kama wewe na mimi tunavyowaogopa. Lakini aligeuka na gunia lake begani, akamtazama mdogo wake toka kichwani hadi miguuni, na akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa ng'ambo ya barabara walisikia:

"Waje! Nusu yako sijawahi kuikataa. Chumba cha mwisho kimekosa mtu, ndicho utakachoanzia kufagia. Na hao wanasheria wako waambie wapandishe mikono ya mashati kabisa, maana wakifika hapa kudai nusu ya nyumba, nitawaonyesha beseni la kufulia shuka."